Kopo la Josepha

Josepha alikufa Jumanne alfajiri, tukamzika Jumatano, na kufikia Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kugawa vitu vyake vyote.

Watu walisema nimefanya haraka. Kwetu, siku ya kuanua tanga, ndugu hukaa pamoja, na vitu vya marehemu hutolewa polepole, kimoja kimoja, huku kila kimoja kikisemewa neno: gauni hili alilivaa lini, sahani hii alipewa na nani. Sikuwa na nguvu ya kusikiliza hayo. Nilitandika mkeka uani, nikapanga mafungu kama ninavyopanga madaftari ya darasa la tatu, nikaita majina. Sahani ya bati kwa huyu. Viatu kwa yule. Kikapu chake cha ukindu nilimpa wifi yangu Veneranda wa Kwihara, ampelekee binti yake Getruda, ambaye alilingana na Josepha kwa miaka, tisa.

"Hutazami ndani?" Veneranda akauliza.

"Kuna nguo zake za ndani na kopo la mawe ya mdako. Chukua."

Lilikuwa kopo la kakao, kifuniko kimefungwa kwa uzi. Nilipolitikisa lililia. Sikulifungua.

Mume wangu Raymundi hakuwepo wakati huo. Alikuwa bwawani. Kazi yake ilikuwa kusoma kina cha maji kwenye nguzo ya vipimo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na kukiandika katika kitabu cha serikali. Hata asubuhi ya mazishi alikwenda. Wazee walinong'ona kuwa ana moyo wa jiwe. Mimi sikunong'ona. Tulipotoka makaburini nilimwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ninayotumia darasani:

"Ndege wako ndio waliomuua mtoto wangu."

Tangu siku hiyo hakuniita tena Mama Josepha. Hakuniita kitu chochote. Alipotaka chumvi alinyoosha mkono.

Nieleze habari ya hao ndege.

Bwawa lilijengwa baada ya vita ili mji wa Tabora upate maji ya bomba. Mzungu aliyelisimamia alikuwa na kamera ya kukunja, ya ngozi nyeusi, na alipohamishwa akamwachia Raymundi. Wanaume wengine wakipata kamera hupiga picha za harusi, wakapata heshima na pilau. Wangu alipiga ndege. Alijikunja kwenye matete kando ya maji akingoja mdiria atue, au mnandi atandaze mabawa ayakaushe. Filimu moja ilikuwa na picha nane. Kila picha aliiandika katika daftari dogo: ndege gani, hatua ngapi kutoka kwenye kamera, hewa ikoje.

Aliupenda wakati wa kipupwe, ukungu unapolala juu ya maji mpaka saa mbili. Alisema ukungu humficha mtu, ndege wakasogea bila woga. Josepha alianza kumfuata akiwa na miaka saba, na huyo mtoto, ambaye darasani kwangu hakuweza kutulia wakati wa hesabu, alikaa mateteni saa nzima bila kujikuna.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Walirudi saa moja na nusu, wamelowa hadi magotini. Josepha alikuwa amevaa sweta langu la kijani, mikono yake imening'inia kama ya mtu asiye na viganja.

"Nani amekupa ruhusa ya sweta langu?"

"Baridi, mama."

"Baridi ndiyo imelipaka matope? Na kifungo cha juu kiko wapi?"

Akamtazama baba yake. Baba yake akatazama kuku.

"Mama," akasema, ili kunipoteza njia, "leo baba amempiga mnandi picha mbili. Mnandi yule yule! Mnandi ana picha mbili, mimi sina hata moja."

"Mnandi hana Komunyo ya Kwanza ya kungoja. Wewe unayo."

"Mnandi anapata Komunyo kila siku, anameza samaki mzima mzima."

"Josepha!"

Raymundi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nami nilitaka kucheka, lakini mtu mmoja katika nyumba lazima abaki na uso mkavu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yangu, na niliiweka mimi, siyo Raymundi. Katika familia zetu za Kikatoliki, picha ya kwanza ya mtoto hupigwa siku ya Komunyo: nguo nyeupe, viatu vyeupe, mshumaa mkononi, mbele ya pazia la maua kwa Bwana Abasi mpiga picha, mjini. Mama yangu alinifanyia hivyo, na picha ile ndiyo pekee ya utoto wangu. Raymundi alikuwa ameniomba mara nyingi, "Nimpige moja tu, bwawani." Nikamjibu kila mara, "Mtoto wangu hatapigwa picha ana matope na pengo. Ngoja Juni. Jino litakuwa limeota." Nguo ilikuwa tayari. Mwanahawa mshonaji alikuwa ameimaliza, imebaki pindo tu.

Alizikwa nayo. Pindo nilimalizia mwenyewe.

Daktari alisema ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Ulikuwa umepita shuleni mwezi ule. Katika darasa langu walikuwa wameugua watoto wawili kabla yake. Ukungu hauleti uti wa mgongo, nimesoma afya chuoni, nimeifundisha, na niliyajua hayo vizuri siku ile niliposema maneno yale makaburini.

Basi tuliishi hivyo wiki nne. Raymundi aliondoka saa kumi na moja, akarudi saa mbili, akaondoka tena. Kamera ilikaa juu ya kabati, haiguswi. Mimi nilifundisha, nikasahihisha, nikafagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiwa.

Ijumaa moja jioni, siku mbili kabla ya Jumapili ya Ekaristi Takatifu, ndiyo ya Komunyo ya Kwanza, tukiwa tunakula ugali, akasema. Nilishtuka kusikia sauti yake.

"Kopo la Josepha liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La kakao. Lilikuwa ndani ya kikapu, chini ya kitanda chake."

"Nilimpa Veneranda, siku ya kuanua tanga. Pamoja na kikapu."

Akaweka tonge chini. "Nilidhani umegawa nguo tu."

"Nimegawa vyote. Lilikuwa kopo la mawe."

"Mawe yalikuwa manne," akasema. "Na filimu."

Akanieleza akitazama ugali, siyo mimi. Asubuhi ile ya sweta, baada ya mnandi, filimu ilikuwa imebakiwa na picha moja. Josepha akamwomba. Akampiga. Wakapatana iwe siri mpaka Jumapili ya Komunyo: nitakapokuwa kwa Bwana Abasi nimenyoosha shingo kwa fahari, Josepha anitolee filimu mwenyewe kutoka kwenye kopo lake. Hawakuipeleka kusafishwa mapema kwa sababu Bwana Abasi hajawahi kukaa na siri hata ya nusu saa.

"Alisema utakasirika kwanza, halafu utacheka," Raymundi akasema. "Nilimwahidi mpaka Jumapili. Ndiyo maana sikuuliza."

Wiki nne alikuwa amekaa kimya akitimiza miadi na mtoto aliye kaburini, na mimi nilikuwa nimekwisha kuyatoa nje yale aliyokuwa akiyangojea.

"Kesho nitakwenda Kwihara," nikasema.

"Twende wote."

"Wewe una zamu. Nilitoa mimi, nitarudisha mimi."

Jumamosi shule ilipofungwa saa sita nilichukua baiskeli yake. Watu wa Tabora walikwisha kuchoka kunishangaa juu ya baiskeli. Njia ya Kwihara ni ile ile ya misafara ya zamani. Babu yake Raymundi aliipita mara mbili na pembe begani kwenda pwani, na mara ya pili alirudi bila ndugu yake. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo kila Krismasi na sikuwahi kuuliza ndugu yule alizikwa wapi. Siku ile, nikikanyaga pedali juani, ndiyo nilitamani ningeuliza.

Nilijiambia mambo ya maana. Filimu inafungwa kwa karatasi nyeusi ndani na nje. Ipo ndani ya kopo. Kopo lina kifuniko. Veneranda ni mtu mzembe, na mtu mzembe hafungui vitu, huvitupa kona. Kwa mara ya kwanza niliuombea uzembe wa wifi yangu.

Nilimkuta uani akipepeta mtama.

"Mwadila, wifi! Leo mwalimu amepanda farasi wa chuma mpaka kwetu! Nani amekufa?" Akajishika mdomo. "Nisamehe. Ulimi wangu huu."

"Veneranda, kile kikapu."

"Kipo. Getruda anabebea mayai."

"Na kopo?"

"Kopo nalo lipo, natilia chumvi. Kopo zuri, halishiki kutu."

"Ndani yake mlikuta nini?"

"Mawe." Akapepeta mara moja. "Na ule mkanda. Nilitaka kukuuliza, wifi, ni mkanda wa nini ule? Naushukuru sana. Njoo uone."

Alinitangulia nyuma ya nyumba, ungo mkononi, anatembea kwa furaha, mimi nyuma yake. Kulikuwa na shamba dogo la mtama wa mwisho, vichwa vimeiva, na kwelea walikuwa wengi mwaka ule. Katikati ya shamba, kati ya miti miwili, filimu ilikuwa imefungwa kwa kamba za katani, imenyooka juani. Upepo ulipopita ilitetemeka na kulia, ikameta. Kundi la kwelea lilikuja, likageuka ghafla kama lililopigwa kofi, likaenda shamba la jirani.

"Unaona? Wiki ya tatu sasa," Veneranda akasema. "Watoto watatu wakipiga madebe hawaamii ndege namna hiyo. Na karatasi yake ina namba, Getruda amefanya futi ya fundi cherehani, anapima kila mtu hapa kijijini. Mimi kiuno changu ni namba nane na zaidi."

Nilikwenda nikaanza kufungua fundo. Lilikuwa fundo la kamba mbichi iliyokauka. Kucha ikakatika.

"Mbona unaufungua? Wifi? Kwelea watarudi."

"Ni filimu ya kamera," nikasema. "Josepha alikuwa humu."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akielewa kuanzia mikononi: ungo ukaanza kucheza, punje zikamwagika. "Ndani ya mkanda?"

"Picha yake. Ilikuwa moja tu."

"Haiwezi... haiwezi kuoshwa?"

"Sijui."

"Wifi, nilikuuliza," akasema, machozi yanamtoka. "Nilikuuliza uani, mbele ya watu, kama hutazami ndani."

"Uliniuliza."

Sikumgombeza. Kwa nini nimgombeze? Kitu chenyewe alipewa bila neno lolote, na kila kitu kilichogawiwa siku ile kilitakiwa kiwe na neno. Kama ningekaa nao pale mkekani, tukalifungua kopo pamoja kama desturi, Raymundi angeitwa, angesema hii ni nini. Ningepoteza nusu saa ya kulia mbele ya watu. Nusu saa hiyo ndiyo niliyoikwepa.

Nilikunja mkanda, nikautia koponi. Veneranda alikuwa amemwaga chumvi, amelifuta kwa khanga yake na kurudisha ndani mawe na vikorokoro vya Josepha. Akataka kunirudishia na kikapu. Nikamwambia Getruda aendelee kubebea mayai.

Nilifika kwa Bwana Abasi akifunga dirisha. Aliniona uso akaufungua mlango tena.

"Karibu, mwalimu. Pole bado ni pole."

Nikamwekea kopo mezani. Akalifungua, akautoa mkanda kwa vidole viwili, ukajikunjua wenyewe juu ya meza, rangi yake ya kijivu imekuwa ya zambarau.

"Umekaa juani muda gani?"

"Wiki tatu."

"Mwalimu, mkanda ulioona jua sekunde moja umeharibika. Huu..."

"Usafishe."

"Nikiutia dawani utatoka mweusi tii, mwanzo mpaka mwisho."

"Bwana Abasi, nimekuelewa. Nataka uutie."

Akanitazama. Akachukua mkanda, akaingia chumbani kwake, akashusha pazia zito. Hakuwa na haja ya kushusha pazia kwa filimu kama ile, lakini alilishusha. Nilikaa kwenye benchi wanakokaa maharusi. Mbele yangu lilikuwepo pazia la maua, na mbele yake kigoda cha watoto wa Komunyo. Kesho yake asubuhi wangekuja wengi, mmoja baada ya mwingine.

Alitoka na mkanda unadondosha maji. Ulikuwa mweusi tii. Niliushika dhidi ya mwanga wa mlangoni, nikauangalia kipande kwa kipande, mpaka mwisho, halafu nikauangalia kutoka mwisho mpaka mwanzo.

"Hapa ndipo ilipokuwa ya nane," Bwana Abasi akasema, akigusa karibu na ncha. Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alitaka nijue pa kutazama.

Nilirudi nyumbani giza likiingia. Raymundi alikuwa ameitwa upande wa pili wa bwawa kutazama mlango wa maji, akalala huko kibandani. Jumapili niliamka saa kumi, nikavaa sweta kwa sababu ya baridi, nikaenda kwa miguu.

Ukungu ulikuwa mzito. Sikuona maji, nilisikia tu ndege, bata wanazozana mahali fulani, na ukelele wa furukombe juu. Nilikuwa sijawahi kufika pale saa hiyo. Miaka yote ile, sijawahi. Nikamkuta kwenye nguzo ya vipimo, kitabu cha serikali kwapani.

"Umelipata?" akauliza.

"Nimelipata. Filimu ilifunguliwa. Wameitumia kuamia ndege shambani. Bwana Abasi ameisafisha, haina kitu." Nikampa kopo. "Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ninavyotoa habari mbaya. Sijui njia nyingine.

Alifungua kopo, akautoa mkanda, akauinua ukunguni. Akautazama muda mrefu kuliko mimi.

"Kuamia ndege," akasema.

"Kwelea."

Kitu kilipita usoni pake, kingekuwa kicheko kama mtoto angekuwepo. Halafu mabega yakaanza kumtetemeka. Nilisimama. Kulikuwa na jambo moja nililokuja nalo na lilikuwa zito kuliko kopo.

"Raymundi, yale niliyosema makaburini ni uongo. Nilijua ni uongo wakati nikiyasema. Ni uti wa mgongo, na kama uliingia kwa mlango wowote, uliingia kwa mlango wa shule yangu."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nionyeshe alikosimama," nikasema.

Akatoa daftari lake dogo mfukoni, akalifungua bila kutafuta. Alinisomea: "Nane. Josepha. Hatua kumi na mbili. Ukungu, jua bado." Akaweka kisigino pale alipokuwa na kamera, akahesabu hatua kuelekea majini, mimi nikimfuata. Kumi na mbili zikaishia kwenye matope, kando ya matete yaliyovunjika.

"Hapa. Nilimwambia asimame wima. Alifunga mdomo kwa ajili ya pengo, akasema mama hataki pengo. Halafu yangeyange akatua nyuma yake, karibu kabisa, kule. Hakugeuka. Aliniuliza kwa macho tu: umemwona? Nikabonyeza." Akanitazama shingoni. "Na hilo sweta. Alilifunga vifungo upandeupande, kimoja kikabaki bila tundu. Akakivuta mpaka kikatoka. Alikitia koponi ili usikione."

Kopo lilikuwa mkononi mwake. Akaliinamisha. Mawe manne yakatoka kiganjani, na chumvi kidogo, na kifungo cha kijani.

Sweta lenyewe nilikuwa nimelivaa. Nililifua siku ile aliyolirudisha, nikilalamika tangu kuloweka mpaka kuanika, na siku ya kugawa halikuingia mafunguni kwa kuwa lilikuwa langu. Nilipeleka mkono shingoni, pale palipokuwa na uzi mtupu. Raymundi akarudi pale alipoweka kisigino; nikasimama kwenye matope yale, hatua kumi na mbili kutoka kwake, nikalia kama nilivyokataa kulia mkekani. Hakunishika. Alisimama pale pa kamera na kungoja, kama alivyozoea kungoja.

Mbali, mjini, kengele ya misa ya kwanza ililia. Watoto walikuwa wanapanga mstari.

"Saa kumi na mbili imepita," nikasema hatimaye. "Hujasoma kipimo."

Alikwenda kwenye nguzo, akainama. Nikaona kalamu inamcheza vidoleni, haikai. Nikakichukua kitabu.

"Soma, niandike."

"Futi kumi na moja, inchi nne."

Nikaandika. Pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo serikali haikuomba kitu, kila siku alikuwa ameandika ndege kwa herufi ndogo. Kuanzia Jumanne ile pembeni palikuwa patupu.

"Na hapa?"

"Andika ulichokiona, Mama Josepha."

Nikageuka nikatazama. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na nyuma ya yale matete yaliyovunjika maji yalionekana, meupe, hayana kitu juu yake. Nikaandika hivyo.